SOMO: Kujenga xfstests na kuhakikisha imejengwa yote

Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Swali la "mbona majaribio kibao yanaandika notrun (yaani hayakuendeshwa) wakati make, amri ya kujenga, imemaliza vizuri?" nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, hadi barabarani. Leo naliandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Kwa mgeni: xfstests ni seti ya majaribio ya mifumo ya faili. Ilizaliwa kwenye kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wao wa faili, XFS, na leo ndiyo inayopima ext4, btrfs na mifumo mingine mingi ya faili kwenye Linux. Mimi natumia Debian.

1. Vuta msimbo. Usisahau `--depth 1`, la sivyo utavuta historia yote na bando litakatika njiani:
`git clone --depth 1 https://git.kernel.org/pub/scm/fs/xfs/xfstests-dev.git`

2. Sakinisha: gcc, make, automake, libtool, gawk, bc, xfsprogs, xfslibs-dev, uuid-dev, libacl1-dev, libcap-dev, libgdbm-dev, libaio-dev, liburing-dev.

3. Andika `make`. Skripti ya configure, inayokagua maktaba zilizopo kwenye mashine yako, inatengenezwa na kuendeshwa humo humo.

4. Kagua kilichojengwa. Hapa msirukeruke, maana usiku wangu mwingi umeishia kwenye hatua hii. Ukikosa xfslibs-dev au uuid-dev, configure inasimama na kukwambia. Ukikosa libaio-dev au liburing-dev, haisimami. Inaandika "no" katikati ya mistari mingi inayopita mbio, programu zinazohitaji maktaba hiyo zinaachwa, na make inamaliza kwa amani. Baadaye `./check`, skripti inayoendesha majaribio, ikikosa programu hizo inaandika notrun na kuendelea na safari. Mwisho unaona hakuna kilichofeli, unafurahi. Lakini gunia la korosho ambalo mpimaji hakulifungua haliwezi kupewa daraja la kwanza. Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote:

`grep HAVE_ include/builddefs`

Faili hilo ndilo linalobeba majibu ya configure. Soma mstari kwa mstari. Palipo tupu au palipoandikwa false, rudi hatua ya 2. ONYO: kusakinisha maktaba na kurudia `make` peke yake hakutoshi, kwa sababu majibu ya configure ya mwanzo bado yamehifadhiwa. Anza na `make distclean`, ndipo `make`.

5. Ukiongeza kitu chako. Programu mpya ya C inakaa `src/`, jina lake linaingia kwenye TARGETS au LINUX_TARGETS ndani ya `src/Makefile`, na pia kwenye `.gitignore`. Hilo la pili wengi hulisahau. Ikiwa programu inategemea maktaba mpya, kuna mnyororo wa pingili nne: makro ndani ya `m4/`, wito wake kwenye `configure.ac`, mstari wa HAVE_ kwenye `include/builddefs.in`, kisha sharti la `ifeq` kwenye Makefile. Pingili ya pili au ya tatu ikikosekana hupati kosa lolote. Programu haijengwi tu. Na kwenye jaribio lenyewe weka `_require_test_program`, ili asiyekuwa nayo aambiwe sababu.

6. Jaza `local.config`: TEST_DEV, TEST_DIR, SCRATCH_DEV, SCRATCH_MNT. ONYO KUBWA: SCRATCH_DEV inafomatiwa tena na tena. Usiweke diski yenye picha za harusi wala hesabu za AMCOS.

---

Mdau_Ligula: Mkuu kwangu imegoma, nifanyeje?

Mwandishi: Imegoma wapi? Weka mistari ya mwisho ya terminali.

Mdau_Ligula: Inasema haioni xfs/xfs.h. Nimefuata kila kitu.

Mwandishi: Hukufuata. Hatua ya 2, xfslibs-dev.

Binti_Lindi: Shikamoo mwalimu. Kwa nini configure isigome tu kwa libaio kama inavyogoma kwa xfs?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri sana hili. Seti hii inaendeshwa kwenye mashine za kila aina, nyingine za zamani zisizo na liburing kabisa. Ingegoma kwa kila maktaba, hao wangekosa hata majaribio yanayowafaa. Ukitaka ukali, uweke upande wako: andika skripti fupi inayosoma builddefs na kukataa kuita `./check` kama HAVE_URING au HAVE_AIO si true. Ukikwama niandikie, tutaitazama pamoja.

Kaka_Nachingwea: Nimeongeza jaribio langu ila `-g quick` hailioni.

Mwandishi: Umeliandika kundi la quick kwenye mstari wa `_begin_fstest`? Kama ndiyo, endesha `make` tena. Zamani orodha za makundi ziliandikwa kwa mkono. Tangu 2021 `group.list` inatengenezwa wakati wa kujenga.

Mzee_Mikindani: Sina diski ya pili. Natumia faili za `truncate -s 10G` na `losetup`, inayofanya faili lionekane kama diski. Inafaa?

Mwandishi: Inafaa sana, mzee wangu. Ila umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka upya losetup imepotea, na `/dev/loop0` inaweza kuwa imeshikwa na faili jingine. Hakiki kwa `losetup -a` kabla ya `./check`, kila mara.

Binti_Lindi: Nimepata HAVE_URING true! Mwenzangu yuko Liwale, mtandao wake dhaifu. Naweza kumpelekea vifurushi kwa flashi?

Mwandishi: Hongera. Ndiyo, kama mna toleo moja la Debian na aina moja ya prosesa. Tumia `apt-get install --download-only` kwenye mashine ambayo bado haina vifurushi hivyo, faili za .deb zitabaki `/var/cache/apt/archives`. Usitumie `apt` tupu kusakinisha, yenyewe huzifuta ikimaliza. Yeye akifika nazo: `sudo dpkg -i *.deb`. Na saraka ya xfstests mkopie vilevile, ila aanze na `make distclean`.