Namna ya Kuandaa Data za Majaribio Bila Kuanika Siri za Wateja

Anayejaribu programu huhitaji data zinazofanana na za kweli, na njia ya mkato inayowavutia wengi ni kunakili kanzidata nzima ya wateja hadi kwenye seva ya majaribio, ambako mara nyingi timu yote hutumia nywila moja. Usiifuate njia hiyo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinataka taarifa binafsi zitumike kwa lengo lililokusanyiwa, na mgonjwa aliyejiandikisha kliniki alikwenda kutibiwa, si kutupimia programu.

Ikiwezekana, tunga data zote upya. Hapo utapata nafasi ya kuweka kwa makusudi yale yanayoiangusha programu: jina kama Ng'wandu, ambalo ritifu yake (alama ya ') huvuruga msimbo ulioandikwa kwa haraka, au mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari.

Ikiwa huna budi kuanza na nakala, ipitie safu kwa safu kabla haijatoka kwenye seva inayohudumia wateja. Majina na simu kila mtu huyaona. Hatari imo katika yale yasiyoonekana upesi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kwa mfano, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo aliyefuta safu ya tarehe ya kuzaliwa akaiacha namba hiyo hajaficha kitu. Safu ya maelezo ni mbaya zaidi, kwani mhudumu huandika humo “anakaa nyumba ya tatu baada ya msikiti, apigiwe dada yake”. Ifute yote, uweke maneno ya kubuni.

Wala usidhani kwamba kuipitisha namba ya simu kwenye heshi, yaani hesabu inayoigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa nyuma moja kwa moja, kunatosha. Baada ya 255, msimbo wa simu wa Tanzania, hubaki tarakimu tisa tu, yaani namba zisizozidi bilioni moja, ambazo kompyuta ya kawaida huweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Mwaka 2014 namba za teksi za New York zilifichuliwa kwa mbinu hiyohiyo. Badala yake weka namba ya kubahatisha, ileile katika kila jedwali ili mahusiano yasivunjike, kisha ufute orodha inayoonyesha namba ipi imechukua nafasi ya ipi.

Mwisho, zima huduma ya kutuma SMS kabla ya kuanza jaribio, kwa sababu namba uliyoibuni huenda ina mwenyewe.