Namna ya Kuhifadhi Bendera ya Vita ya Askari Wapanda Farasi

Bendera ya kikosi cha wapanda farasi wa jeshi la Muungano (upande wa Kaskazini) katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, ilikuwa na ukubwa wa takriban sentimita 69 kwa 74, ilhali ile ya askari wa miguu ilikaribia mita mbili kila upande, kwa kuwa bendera pana ingemwelemea mpanda farasi anayekwenda mbio. Nyingi zilishonwa kwa hariri, kisha tai na jina la kikosi vikachorwa juu yake kwa rangi. Hapo ndipo shida inapoanzia: rangi ikizeeka hukakamaa kama ganda, na bendera ikikunjwa, hariri hukatika kwenye ukingo wa mchoro, palepale ubawa wa tai unapokutana na kitambaa kitupu.

Kwa hiyo usiikunjue kwa haraka. Kwanza ipige picha jinsi ilivyo, kisha andika kila tundu, doa na kiraka. Doa la damu na kiraka kilichoshonwa kambini ni ushahidi, na kwa maoni yangu anayeifua bendera ili ipendeze ameifuta nusu ya historia yake. Tena maji yanaweza kuchujisha rangi na kuirarua hariri iliyochakaa. Vumbi huondolewa kwa mashine ya kunyonya iliyowekwa nguvu ndogo kabisa, kupitia wavu laini, ili nyuzi zilizolegea zisifyonzwe. Hariri ikiwa inapukutika kama jani kavu, hata hilo liachie mtaalamu.

Usiishone wala usiibandike kwa gundi au utepe. Mwaka 1914 Amelia Fowler na washonaji wake waliishonea kitambaa cha kitani ile bendera maarufu ya sufu ya ngome ya Fort McHenry, iliyochochea wimbo wa taifa wa Marekani, kwa nia njema na ustadi mkubwa. Kuanzia 1999 wahifadhi wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, walilazimika kukata mishono ipatayo milioni 1.7 ili kukiondoa kitani hicho. Bendera hiyo ni ya sufu, ambayo ni imara. Hariri isingestahimili sindano kiasi hicho.

Ilaze bapa juu ya ubao usiotoa asidi, uliofunikwa kwa pamba nyeupe iliyofuliwa, ndani ya droo ya chuma, kwa maana mbao hutoa mvuke wa asidi. Joto liwe karibu nyuzi 20 na unyevu karibu asilimia 50, lakini lililo muhimu zaidi ni visipande na kushuka. Ikioneshwa, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza), na kwa miezi michache tu, maana madhara ya mwanga hujilimbikiza hata bendera ikirudishwa gizani. Siku ya gwaride au maadhimisho, beba nakala mpya. Ya asili ibaki kwenye droo yake.