Agizo la kazi likija kwa ujumbe wa sauti

Siku hizi maagizo mengi ya kazi hayaji tena kwa dokezo la ofisi, bali kwa ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp, mara nyingi saa mbili usiku, mkuu wa kazi akiwa bado barabarani na honi za magari zikisikika nyuma yake. Ukipokea agizo la namna hiyo, hasa linalogusa fedha, bidhaa au tarehe, liandike kwa maneno yako na ulirudishe palepale kundini: "Nimeelewa kwamba niagize katoni 40 badala ya 25, zifike Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi. Kama sivyo, naomba unisahihishe." Nilijifunza hili baada ya kudaiwa katoni 15 ambazo niliagizwa kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imeshafutwa.

WhatsApp humruhusu aliyetuma ujumbe kuufuta kwa wote ndani ya takribani siku mbili na nusu, na kundi likiwashiwa ujumbe unaotoweka, ujumbe mpya huondoka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Fungua maelezo ya kundi lenu leo uone muda uliowekwa, kisha jambo lolote zito litume pia kwa barua pepe ya kazini, kiasi kikiandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kama tunavyofanya kwenye hundi.