Kulegeza Shingo na Mabega Yaliyokaza: Kwanza Ujue Ni Msuli Upi

Mwezi Januari, msimu wa sare za shule, nilimhudumia fundi cherehani ambaye shingo yake ilikuwa haigeuki kulia. Nilimchua juu ya bega siku tatu bila mafanikio, kwa sababu nilikuwa nachua msuli usiohusika. Ndiyo maana hatua ya pili hapa ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1. Keti kwenye kiti kigumu, kisha ukande mabega kwa taulo la maji ya moto lililokamuliwa, kwa dakika 10.

Hatua ya 2. Tambua msuli unaouma. Msuli mpana wa trapezi huanzia kisogoni, ukatandaa hadi begani na kushuka mpaka katikati ya mgongo; huu ndio kila mtu huukimbilia, kwa kuwa ndio unaoshikika. Chini yake umejificha msuli mwembamba unaoinua ubapa wa bega (mfupa bapa wa nyuma ya bega), utokao kwenye pingili 4 za juu za shingo na kujishikiza kwenye pembe ya juu ya ubapa, upande wa ndani. Pitisha mkono wa kushoto juu ya bega la kulia, upapase pembe hiyo: kidole kikikutana na kitu kama kamba iliyokazwa, na maumivu yakapanda shingoni, umeupata. Fundi alishtuka akasema, "Hapo hapo, dokta," ingawa mimi si daktari. Usibonyeze mbele ya shingo palipo na mshipa unaodunda. Aidha, ikiwa mkono unakufa ganzi au kupoteza nguvu, ikiwa shingo imekakamaa pamoja na homa, au ikiwa maumivu ya bega yameambatana na kubanwa kifua, acha mara moja uende hospitali.

Hatua ya 3. Bana mpira wa tenisi kati ya ukuta na pembe hiyo, pembeni mwa uti wa mgongo, kwa sekunde 30. Naupendelea kuliko mashine za kutetemesha, kwani ukisogea mbele kidogo tu mgandamizo unapungua.

Hatua ya 4. Mkono wa kulia ushike ukingo wa kiti ili bega lisipande. Geuza uso kuelekea kwapa la kushoto, inamisha kichwa, uweke kiganja cha kushoto kisogoni bila kuvuta. Uzito wake unatosha. Hesabu sekunde 30, mara 3. Kuzungushwa shingo na kinyozi mpaka pingili zilie sikushauri kamwe.

Hatua ya 5. Rekebisha mkao wa kazi. Fundi aliweka vipande viwili vya ubao chini ya miguu ya nyuma ya meza ya cherehani, ikamwelekea kidogo, na sasa yeye hauinamii tena mshono.