SOMO: Taa ya oili imewaka kwenye mashine? Usinunue swichi kabla ya kusoma hapa

Wiki hii peke yake nimepigiwa simu nne za jambo hilihili: "Fundi, greda inawasha taa ya oili, ninunue swichi ipi?" Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii. Mashine za barabara ndiyo kazi yangu hapa Tabora, kuanzia Nzega mpaka Sikonge na Kaliua, na taa hii imenifundisha kwa gharama. Swali la kwanza siyo swichi ipi. Swali ni: presha ya oili ipo au haipo?

Somo ni la mashine zenye swichi ya oili (kile kifaa cha kwenye injini kinachowasha taa presha ikishuka) ya kawaida, ya waya mmoja au miwili: magreda, vijiko, doza na mashindilia mengi tuliyonayo huku.

Hatua ya 1. Zima injini hapohapo. Usiseme unaisogeza mpaka kambini.

Hatua ya 2. Mashine ikae tambarare, subiri dakika 10 hadi 15, pima oili kwa stiki. Ikiwa chini ya alama, ongeza na utafute ilikokwenda. Ikiwa juu ya alama na hakuna aliyeongeza, usiwashe tena. Soma hatua ya 5.

Hatua ya 3. Zungusha ufunguo mpaka taa za deshibodi ziwake, injini usiiwashe. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, angalia balbu, fyuzi na waya. Mashine ambayo taa yake haiwaki kabisa ni ya hatari kuliko hii unayoilalamikia, kwa sababu hakuna kitakachokuonya.

Hatua ya 4. Ufunguo ukiwa vilevile, chomoa waya kwenye swichi ya oili. Taa ikizima, waya ni mzima. Ikiendelea kuwaka, waya umechunika mahali na unagusa bodi. Ufuate wote kwa mkono, hasa unapopita karibu na bomba la moshi na chini ya kiti. Huku kwetu panya wanapenda waya za mashine iliyolala wiki mbili porini. Kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini: taa iwake. Angalizo: baadhi ya mashine zenye kioo cha tahadhari zinafanya kinyume. Swichi huunganisha umeme presha ikiwepo, kwa hiyo ukichomoa waya ndipo taa inawaka. Tafuta mchoro wa waya wa mashine yako kabla ya kuhukumu.

Mpaka hapa hujajua chochote kuhusu presha. Umepima umeme tu.

Hatua ya 5. Funga geji ya mkono (kipimo cha presha ya oili), na upime injini ikiwa ya moto.

Hapa ndipo nilipoharibu. Tulikuwa na greda kambini mbele ya Sikonge, njia ya Ipole. Opareta alisema taa inaanza kuwaka kama saa 5, jua likishapanda, akiachia mafuta. Nilifika jioni, nikalala, asubuhi saa 1 nikafungua swichi na kufunga geji. Injini ilikuwa ya baridi kama jiwe. Sindano ikapanda mpaka psi 55 (psi ni kipimo cha presha) na kutulia. Nikafurahi. Nikasema swichi imekufa, nikachomoa waya, nikaufunga tepu, nikamwambia opareta apige kazi nami nikifika mjini nitamletea swichi. Saa 8 mchana akanipigia kwamba injini imegonga mara tatu na kusimama.

Tulipofungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili ilitoka kama maji, ikinuka dizeli. Beringi za konrodi mbili (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zilikuwa zimeyeyuka na kujikunja kama ganda la ndizi, na krenki, shafti kuu ya injini, ilikuwa na rangi ya bluu pale ilipoungua. Nozeli moja, inayopuliza dizeli kwenye silinda, ilikuwa inavuja, dizeli ikashuka kwenye silinda mpaka kwenye oili. Stiki ilikuwa inasema siku zote, oili ilikuwa vidole viwili juu ya alama, na opareta alikuwa akiwaambia wenzake kwa fahari kwamba mashine yake haili oili, tena inaongezeka. Nami stiki sikuigusa. Krenki ikaenda kuchongwa, kazi ikasimama wiki tatu, na fedha yangu ya ufundi ya miezi miwili ikaishia humo. Opareta naye akakatwa siku zote ambazo mashine ililala, wakati yeye ndiye aliyetoa taarifa mapema. Hilo la mwisho bado linaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Nusa oili ya kwenye stiki. Isugue kati ya vidole: oili nzima inavutika na kuteleza, iliyoingiwa dizeli inakatika na kuacha vidole vikavu. Ikiwa kama uji mweupe, maji yameingia. Katika hali hizo mbili injini haiwashwi, geji haina kazi tena.

Oili ikiwa safi, toa swichi, funga geji kwenye tundu lilelile. Mpira wake uwe wa presha, siyo wa plastiki wa kupitishia maji, na uupitishe mbali na tabo (turbo) na bomba la moshi. Oili ikirukia chuma cha moto mashine inaungua mbele ya macho yako. Washa, angalia kama kuna pavujapo, kisha fanyisha mashine kazi mpaka geji ya joto ifike mahali pake pa kawaida. Kwa greda ni nusu saa au zaidi. Ila sindano ikibaki chini tangu mwanzo, zima, usisubiri joto. Ikishapata moto ndipo unasoma: kwanza sailensi (injini ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta), halafu mwendo wa kazi.

Namba sahihi ziko kwenye kitabu cha injini yako. Kwa mfano, Cummins za jamii ya B za lita 5.9 zinatakiwa zisishuke chini ya psi 10 kwenye sailensi na psi 30 kwenye mwendo wa kazi, injini ikiwa ya moto. Geji ikiwa ya bar, zidisha kwa 14.5 kupata psi. Ya kilo (kg/cm²), kama vitabu vingi vya Kijapani, zidisha kwa 14.2.

Swichi nyingi za taa huamka presha ikiwa imeshashuka chini ya psi 10. Taa haikuambii presha imepungua kidogo, inakuambia imekaribia kwisha. Ikiwaka ukiwa kwenye mwendo wa kazi, huna dakika za kufikiri.

Hatua ya 6. Presha ya moto ni nzuri, waya ni mzima, taa bado inawaka: sasa nunua swichi. Nenda na ya zamani mkononi. Nyuzi za kukazia swichi, za Kimarekani na za Kijapani, za inchi 1/8 zinafanana kwa macho, lakini moja ina meno 27 kwa inchi na nyingine 28. Ikikaza baada ya mizunguko miwili, toa. Ukilazimisha unaharibu tundu la bloku.

Presha ya moto ikiwa mbovu, tatizo liko ndani: filta, valvu ya presha, chujio la sampu, pampu au beringi. Hilo ni somo lingine.

MASWALI

Mdau wa Urambo: Fundi kijiko changu taa inawaka, swichi inauzwa bei gani hapo mjini?

Jibu: Hatua ya 2, kisha ya 5. Ukileta namba za geji tutaongea.

Mdau wa Igunga: Mnatutisha bure. Mimi nilichomoa huo waya mwaka jana na mashine inapiga kazi mpaka leo.

Jibu: Ndugu yangu, inawezekana swichi yako kweli ilikuwa mbovu. Lakini hukupima, kwa hiyo hujui, na leo presha ikiondoka huna cha kukuambia. Siandiki kumtisha mtu. Ile krenki niliishika kwa mikono yangu. Rudisha waya.

Mwanafunzi wa ufundi: Shikamoo fundi. Kwa nini taa inawaka sailensi tu, ukiongeza mafuta inazima? Na kwa nini mchana na siyo asubuhi?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe. Sailensi inazunguka polepole, inasukuma oili kidogo. Ukiongeza mafuta inasukuma nyingi. Presha inapatikana kwa sababu oili inabanwa kwenye nafasi nyembamba za beringi. Sasa chukua asali yetu ya hapa: ya asubuhi ya Juni unaipindua chupa inashuka kwa shida, uiweke juani saa 7 inakimbia. Oili ni hivyo. Ikiwa ya baridi ni nzito, hata beringi iliyolika inaibana, geji inapanda. Ikipata moto inapita kwenye nafasi zilizopanuka bila kubanwa, presha inaanguka. Ndiyo maana geji ya asubuhi ilinidanganya. Taa ya mchana kwenye sailensi mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya beringi kulika au oili kuwa nyepesi. Ukipata nafasi, pima mashine moja asubuhi na mchana, uandike namba zote kwenye daftari. Utaelewa kuliko maneno yangu.

Mdau wa Kaliua: Greda yangu taa inawaka nikilima mtaro tu, nikirudi barabarani inazima.

Jibu: Mashine ikilala upande, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na chujio linavuta hewa. Ongeza mpaka alama ya juu, usizidishe. Ikiendelea, bomba la kuvutia oili au oringi yake (mpira wa kuziba kiungo) inaingiza hewa. Sehemu hiyo usiilime mpaka upime.

Mdau wa Nzega: Ya kwangu ni mpya, swichi ina waya tatu.

Jibu: Hiyo ni sensa, siyo swichi. Waya mmoja huwa na umeme mdogo wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta ya injini. Usigusishe waya wowote kwenye bodi, hatua ya 4 haikuhusu. Geji ya mkono inakuhusu vilevile.

Fundi mwenzangu, Sikonge: Ongeza la silikoni ya kuzibia, kaka. Juzi nimetoa chujio la sampu limejaa nyuzi nyekundu za silikoni.

Jibu: Asante sana. Vijana wanapaka silikoni kwenye sampu kama wanapaka siagi mkate. Inayobaki nje unaiona, inayobaki ndani inakatika na kwenda kuziba chujio. Mstari mwembamba unatosha. Na tepu nyeupe ya mabomba ya maji msizungushie swichi ya waya mmoja. Swichi hiyo inapata bodi kupitia nyuzi zake, tepu inaweza kuitenga, taa isiwake kabisa. Vipande vyake navyo vinaingia kwenye njia za oili.

Mdau wa Urambo: Fundi nimerudi. Nimeazima geji, nimepima mchana baada ya kazi. Sailensi psi 6, mwendo wa kazi psi 22. Oili iko kwenye alama, hainuki dizeli.

Jibu: Umefanya kazi nzuri. Swichi yako ni nzima, iache. Injini usiiwashe tena. Mwaga oili kwenye beseni safi, kata filta kwa msumeno, ifungue ile karatasi na uitandaze juani. Ukiona chembe zinazong'aa za rangi ya shaba au fedha, nipigie kabla hujafungua kitu kingine.