Kabla meli haijang'oa nanga kwenda Nunavut

Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, ina makazi 25 na hakuna barabara hata moja inayoyaunganisha na kusini. Saruji, magari, unga wa mwaka mzima, dizeli ya kuzalishia umeme: kila kizito kinangoja meli, na meli hupita barafu inapoachia tu, takribani Julai hadi Oktoba. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka meli zizuiwe. Lakini bahari ile inalindwa ukiwa bado gatini kusini. Ukishafika kwenye barafu, kikosi cha kusafisha mafuta yaliyomwagika kiko mbali mno.

Anza na tangi. Mafuta mazito ya meli, yale meusi ambayo lazima yapashwe moto ndipo yatiririke, yakimwagika kwenye baridi huwa kama lami na kunata kwenye barafu. Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) limeyapiga marufuku Aktiki tangu 1 Julai 2024, ingawa meli ambazo matangi yake yamekingwa kwa kuta mbili zimeachiwa hadi 1 Julai 2029. Kama unaweza kununua dizeli ya meli, usiikimbilie nafasi hiyo. Mafuta ghafi ya meli ya Exxon Valdez yalimwagika Alaska Machi 1989, na miongo kadhaa baadaye watafiti walikuwa bado wanayakuta chini ya mawe ya fukwe.

Kisha njia, na hapa naomba usiharakishe. Narwali, nyangumi mwenye jino refu kama mkuki, hutafuta chakula na wenzake kwa sauti, na kelele za rafadha humfukuza. Wawindaji wa Pond Inlet, mojawapo ya makazi ya Nunavut, walilisema hilo kwa miaka, wakitazama meli za madini ya chuma kutoka mgodi wa Mary River zikipita kwenye maji yao. Mgodi ulipoomba kupandisha usafirishaji kutoka tani milioni 6 hadi milioni 12 kwa mwaka, serikali ya Kanada ilikataa Novemba 2022. Basi wapigie wawindaji kabla ya kuchora njia. Waulize wanyama wako wapi wiki hiyo, na upange ratiba yenye nafasi ya kwenda polepole. Ratiba iliyobana ndiyo humlazimisha nahodha kukimbiza meli.

Maji ya urari, yale ambayo meli hubeba ili isiyumbe, yasafishwe. Taka zirudi kusini, pamoja na mbao na plastiki za vifungashio, kwa kuwa majalala ya kule ni madogo.

Mwisho, ushushaji. Makazi mengi hayana gati: shehena huenda ufukweni kwa tishari, na mafuta kwa bomba linaloelea. Likague bomba zima kabla ya safari. Siku ya kazi, vizuizi vya mafuta vitandazwe majini kabla vali haijafunguliwa, na kila ncha ya bomba iwe na mtu mwenye redio, asiyebanduka hapo mpaka vali ifungwe.