Kabla vita haijafika maktaba kwenu, anza na mlinzi wa usiku

Ndugu zangu tunaofanya kazi maktaba, hili jambo tunaliahirisha sana manake nani anapenda kuwaza vita wakati kuko shwari, lakini ikishafika hakuna tena kupanga, kila mtu anawaza watoto wake. Kwa hiyo tuongee sasa hivi.

Cha kwanza kabisa, kabla hata ya maboksi, jua watu wako, na nikisema watu simaanishi wenye diploma ya ukutubi tu. Mji wa Sarajevo kule Bosnia ulizingirwa kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996. Pale kuna maktaba ya kale inaitwa Gazi Husrev-beg, ipo tangu 1537. Mkurugenzi wake Mustafa Jahić alikuwa na watu wachache tu wa kubeba nao vitabu kuviokoa, mmojawapo mfagizi, mwingine mlinzi wa usiku, Abbas Lutumba Husein, Mkongo. Mkongo jamani, mtu wa huku kwetu, yuko ugenini kabisa, anakatiza mitaa yenye wadunguaji na boksi la vitabu mikononi! Walihamisha hazina ile mara 8 ndani ya mji huohuo, vitabu na hati za mkono kama 10,000 hivi, na viliokoka. Sasa jiulize, mlinzi wa maktaba yako unajua anakaa wapi? Chai mnakunywa naye au anakunywa peke yake getini? Mi naamini kabisa Jahić asingeweza kumwomba mtu kitu kikubwa vile kama walikuwa hawasalimiani vizuri kabla.

Na si Sarajevo tu, Timbuktu kule Mali nako mwaka 2012 wenye silaha walipouteka mji, mmoja wa waliotoa hati kwenye jengo la zamani la Taasisi ya Ahmed Baba, inayotunza hati za kale, alikuwa mzee mtunzaji asiyejua kusoma, anazitia kwenye magunia ya mchele na mtama, usiku, taratibu. Asiyejua kusoma! Kwa hiyo ukipanga kikao cha dharura muite kila anayeshika ufunguo.

Halafu boksi. Wale wa Sarajevo walitumia maboksi ya ndizi, na ukifikiria ni kitu cha maana sana, ni gumu, lina matundu ya kushikia, mtu mmoja analiinua na halivutii macho ya mtu. Yakusanye sokoni kidogo kidogo, jaza moja ujaribu kushuka nalo ngazi, ukihema punguza. Weka na nailoni, unyevu nao ni adui, hati za Timbuktu zilizotoka kwenye ukame zikafikia Bamako, mji mkuu wa Mali, penye unyevunyevu ikawa kazi nyingine kuzilinda zisiharibike.

Kipi kitoke kwanza mkubaliane leo, msije kubishana mlangoni. Kile ambacho duniani kipo kimoja tu ndio kitangulie: hati za mkono, rejista za zamani, barua. Taasisi ya Mashariki ya Sarajevo, nayo ya kutunza hati za kale, iliungua tarehe 17 Mei 1992 na hati zaidi ya 5,000, siku moja tu. Katalogi yenu itoleeni nakala ikakae mbali na jengo, na mwenye skana aanze sasa.

Pa kuficha pasiwe pamoja. Abdel Kader Haidara, mkutubi wa Timbuktu, na wenzake walitawanya matranka ya hati kwenye nyumba za familia kwanza, ndipo baadaye yakaenda Bamako kwa magari na mengine kwa boti kwenye mto Niger. Na kila mtu ajue nyumba yake tu, akikamatwa asiwe na cha kutaja.

La mwisho ndio linaloniuma. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Agosti 1992 Maktaba ya Taifa ya Sarajevo ilipigwa ikawaka, wafanyakazi na wananchi wakapanga mstari wanapokezana vitabu huku wanashambuliwa, na mkutubi mmoja, Aida Buturović, aliuawa njiani akirudi nyumbani. Dada wa watu alikuwa ameshamaliza kazi yake. Kwa hiyo kwenye mpango wenu muandike nani mwenye mamlaka ya kusema basi tunaacha, na akisema hakuna kurudi ndani hata kama kabati limebaki moja. Andikeni pia kila mmoja anarudi kwake na nani, kwa njia ipi, na akichelewa nani anamfuata. Namba za ndugu zao ziwe kwenye karatasi, si kwenye simu tu, manake mtandao unaweza kuzimwa siku ya kwanza tu, na namba ya mke wa mlinzi iwepo humo humo pamoja na ya mkurugenzi.